Siku Moja Kerezoni: Shafti Iliyovunjika Mara Tatu

Saa 12:30 asubuhi nilifungua karakana yetu ya Gerezani, Dar es Salaam. Nikafagia mabaki ya chuma, nikatia oili mashine ya kukereza, nikanywa chai. Kufikia saa 3 nilikuwa nimeshatoa bushi nne.

Saa 3 na robo akaingia mzee mwenye mashine ya kusaga mahindi, shafti yake, ule mhimili wa chuma unaozunguka, ikiwa vipande viwili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nikerezee kama hii hii, fundi, usiongeze kitu. Saa 6 niwe njiani."

Ilikuwa ya tatu kuvunjika mwaka huu, na zote zimekatikia mahali pamoja: pale unene unaposhuka kutoka milimita 50 hadi 40, inapokaa beringi, kile kifaa kinachoishikilia shafti izunguke kwa wepesi. Nikamwonyesha uso wa mvunjiko, una mistari kama ya ganda la chaza. Chuma hakikukatika kwa siku moja. Ufa ulianzia kwenye ile kona kali, ukatambaa polepole kila shafti ilipozunguka. Nikikereza kama hii hii, atarudi.

"Wewe kazi yako kukata chuma," akasema. Neno hilo nimelisikia miaka 14 na bado linaniuma.

Kona inataka kuwa ya mviringo. Lakini ukiiweka mviringo wa milimita 3, beringi haikai, maana ukingo wake wa ndani umejipinda milimita moja na nusu tu. Nikakaa chini na chaki, nachora sakafuni, nafuta. Mzee anatazama saa, anapiga simu, anauliza kama nimelala. Umeme nao ukakatika. Nikaendelea kuchora gizani, na jibu likaja humo humo: pete. Nitasogeza bega, yaani pale unene unaposhuka, nyuma milimita 6, nivalishe pete ya unene huo huo, upande mmoja nimeikata pembe ili ipishe mviringo. Beringi iegemee pete, ikae palepale ilipokuwa.

Umeme ulirudi alasiri. Sikumbuki nilikula saa ngapi. Mgongo unawaka, macho kwenye kipimo, natafuta sehemu mbili za mia za milimita ili beringi iingie kwa kubana. Huu nao ni ubunifu, ingawa wote unaenea kwenye kona ndogo kuliko punje ya hindi.

Giza lilishaingia nilipomkabidhi. Akaizungusha pete kwa kidole, kimya.

"Na hiki kilichovunjika nipe," akasema. "Nikamwonyeshe kijana wangu hiyo mistari."