Chai ya Chini ya Kanisa

Binti yangu alirudi kutoka shuleni na ubishi. Mwalimu alikuwa amewaambia kwamba kuna wakati akina mama waliishi chini ya kanisa hapa Nairobi, naye hakukubali. "Chini ya kanisa kuna nini? Si ni mchanga tu?" Nikamwambia amalize ugali. Lakini usiku huo nilikaa macho, maana huko chini nilishawahi kufika hadi mlangoni, nikiwa na Shangazi.

Ilikuwa ziara ya akina mama wa kanisa letu la Eastlands. Walichotaka hasa ni Mombasa: wazuru makanisa ya zamani ya kule, waingie Fort Jesus waone vitu vilivyoopolewa kwenye meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, wale samaki, warudi. Mweka hazina akasoma nauli, watu wakaanza kutafuta vitu kwenye mikoba. Ndipo mmoja akasema hata Nairobi ina makanisa ya zamani, na kama ni meli, basi tutaangalia garimoshi. Mimi nilibebwa kwa sababu simu yangu ilikuwa na kamera.

Tulianzia Holy Family. Wamama wetu ni Waanglikana wa kurithi, na wengi wao kanisa la Katoliki huliingia kukiwa na mazishi tu, kwa hiyo walitembea kwa ile adabu ya mgeni asiyejua viatu vivuliwe au la. Kilichowachangamsha ni kusikia kwamba jengo hilo, lililokamilika 1963, lilichorwa na mwanamke, Dorothy Hughes. Mwenyekiti aliuliza kama alilipwa sawa na wanaume. Kijana aliyekuwa akituzungusha alicheka, akasonga mbele.

Kisha All Saints, kanisa kuu la Kianglikana. Jiwe la msingi liliwekwa 1917, kazi ikaja kuisha 1952. Shangazi alipiga hesabu kwa vidole, akatangaza kwamba basi kamati yetu ya choo haijachelewa. Tukapiga picha kwenye ngazi, tukapiga tena kwa sababu kuna waliofumba macho.

Upande mmoja wa jengo, kijana wetu akaanza kueleza habari za 1992. Kwamba mwishoni mwa Februari akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai, wakagoma kula ili wana wao waachiliwe. Kwamba tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na gesi, Wangari akapigwa hadi akazirai, na baadhi ya wale akina mama wakavua nguo mbele ya askari. Hapo wamama wetu wote waliguna kwa pamoja, maana hiyo laana kila mmoja anaijua. Baadaye wakakimbilia hapa, wakakaa chumba cha chini karibu mwaka mzima.

"Walikuwa wanashukia huku," kijana akasema, akinyoosha mkono.

"Si huko," Shangazi akasema. "Ni huku."

Hakupaza sauti. Alikuwa amesimama na mkoba wake mweusi begani, kitambaa cha kichwani kimelegea kwa jua, na alikuwa ameshageuka kuelekea upande mwingine kama mtu anayeenda bombani kwake. Tukamfuata, kijana pia. Mlango ulikuwa umefungwa. Shangazi aliweka kiganja kwenye mbao, akakiondoa, akakipangusa kwenye sketi.

"Ulijuaje?" nikamwuliza.

"Nilikuwa naleta chai."

Siku zile alikuwa anafagia ofisi upande wa Community. Akitoka jioni, badala ya kwenda steji moja kwa moja, anapitia hapa na chupa ya chai ya lita mbili, ile yenye maua mekundu. Mimi chupa ile naijua, nimeinywea utotoni. Askari wakimwuliza anasema anaenda maombi.

"Chai ya strungi?" mwenyekiti akauliza.

Shangazi alimtazama kama aliyetukanwa. "Ya maziwa. Mtu amefungiwa mtoto, unampa strungi?"

Nilimwuliza walikuwa wanaonekanaje. Akafikiri kidogo. Akasema mmoja alikuwa na miguu iliyovimba, na kila akija anamkuta ameegemea ukuta, soksi za mwanaume zimevutwa hadi magotini. Jina hakuwahi kumwuliza. "Jina la nini? Alikuwa ananirudishia kifuniko kimeoshwa." Halafu akanigeukia, "Wewe, hukuja kupiga picha?" Nikapiga ya mlango. Yeye alikataa kusimama mbele yake.

Makumbusho ya Reli tuliyapitia mbiombio kwa sababu mvua ilikuwa inanukia. Tuliona lile behewa ambamo simba alimnyakua Ryall, afisa wa polisi wa reli, kule Kima mwaka 1900, wanaume watatu wamepanda kumvizia usiku na wote wamesinzia. Wamama walisikitika kwa heshima, ila nadhani kimoyomoyo walikuwa upande wa simba. Nami nilikuwa nimemwekea Shangazi macho. Alikuwa anagawa mahindi ya kuchoma.

Kilichonikaa kichwani si chai. Ni kwamba mwaka 1992 Mjomba, mumewe, alikuwa kazi ya serikali, wale wa kuvaa beji ya Baba Moi kifuani hadi Jumamosi. Nyumba ilikuwa ya serikali. Redio ya pale sebuleni ilikuwa haijibiwi. Na chupa inatoka asubuhi, inarudi usiku.

Kwenye gari nilimwuliza kama Mjomba alijua. "Mjomba wako alikuwa anajua mengi," akasema, akafunga dirisha.

Ikabidi ningoje Krismasi. Mjomba alishastaafu, anafuga ng'ombe wawili na kulalamikia bei ya maziwa, na nilimkuta peke yake chini ya mparachichi. Nikamweleza ziara yetu, makanisa, behewa, mwisho nikaugusia ule mlango. Alinyamaza kama anayesikiliza taarifa ya habari, kisha akasema mwaka ule sukari ilikuwa inaisha haraka sana pale nyumbani.

Hadi leo sijui kama alikuwa analalamika au anajisifu.