Kilo moja ya Kibaigwa

Juzi binti yangu, mdomo umejaa karanga, kaniuliza kama wanasayansi wameshazimaliza chembe zote ndogo kabisa zinazounda vitu au bado zipo wasizozijua. Nikacheka. Nilimkumbuka mjomba.

Julai 2012, likizo ya chuo, nipo kwake Kibaigwa, soko la mahindi mkoani Dodoma, naandika magunia kwenye daftari. Msimu umechanganya, malori foleni, upepo unaleta makapi mpaka kwenye chai. Redio ikatangaza kwamba CERN, maabara yenye handaki la kugonganisha chembe mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wameona chembe inayofanana na ile iliyotabiriwa na mwanafizikia Peter Higgs mwaka 1964, inayohusika na tungamo la vitu, yaani kile mzani unachokipima kwa kilo.

Gunia la mahindi lilikuwa mzanini. Mzani wenyewe kaja nao mnunuzi, na tangu asubuhi tulikuwa tunautazama kwa jicho la pembeni. Mshale unachezacheza karibu na mia, kuli kashika masikio ya gunia anasubiri neno. Mjomba hakubandua macho kwenye mshale.

"Mjomba, si ndiyo masomo yako hayo? Kwa hiyo kilo mia hizi zinatoka kwa hako kadudu?"

Nikamwambia si zote. Protoni na nyutroni, zinazounda kiini cha atomu, zimeundwa kwa chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki, na tungamo ambalo kwaki zinalipata kwa njia ya Higgs ni kama asilimia moja tu. Kinachobaki ni nishati ya kwaki na gluoni, chembe zinazozishikamanisha, zinazokimbizana humo ndani, na Einstein alishaonyesha kwamba nishati nayo ni tungamo.

"Asilimia moja ya gunia hili ni kilo moja."

"Kama hivyo."

"Wamechimba handaki la kilomita 27 kutafuta kilo moja? Mbona hapa inapotea kila siku na hakuna anayechimba!"

Kuli akaangua kicheko, akaachia gunia, mshale ukaruka. Mnunuzi hakucheka.

Nikajitetea: bila kilo hiyo elektroni zingekosa tungamo, atomu zisingeundika, mahindi yenyewe yasingekuwepo. Mjomba akakubali kwa shingo upande, kisha akamgeukia mnunuzi: "Na tisini na tisa zilizobaki unalipia mbio. Ongeza bei."

2013 Higgs na mwanafizikia mwenzake François Englert walipopewa Nobel alinipigia: "Watu wako wa kilo moja wamelipwa."

Binti nimemjibu kwamba bado. Hakuna ajuaye kwa nini kwaki nzito kuliko zote, ile ya kileleni (top), ina tungamo linalokaribia la atomu nzima ya dhahabu, wakati elektroni haifikii hata moja ya elfu ya protoni. Na nyota za pembezoni mwa galaksi zinazunguka kwa kasi kuliko maada tunayoiona inavyoruhusu. Ama kuna mzigo usioonekana, pengine wa chembe mpya ambazo handaki lile bado halijazikamata, ama kanuni zetu za mvutano zina kasoro.

Mimi naegemea kwenye mzigo. Mjomba, nilipompigia usiku, kasema nianze kwa kukagua mzani.