Jumamosi moja Wellesbourne, chini ya tumbo la ndege ya kivita Vulcan

Hapa Uingereza, kutoka Coventry hadi Wellesbourne si mbali, ila kwa asiye na gari ni safari ya kuungaunga. Unapanda treni mpaka Leamington Spa, kisha unasubiri basi la kwenda Stratford-upon-Avon, mji aliozaliwa Shakespeare. Siku ya Jumamosi basi hilo hujaa watalii wanaomfuata yeye. Sisi tulishuka kabla yao.

Nilikuwa na mpwa wangu, mtoto wa dada, ambaye anajua ndege za kivita kwa majina na namba zake lakini ukimuuliza Tanga alikozaliwa mama yake iko upande gani wa Dar es Salaam, anakukodolea macho. Yeye ndiye aliyenishikilia. "Mjomba, ipo moja hapa karibu, na bado injini zake zinawaka." Neno hilo la injini ndilo lililonipata. Nimekulia gereji. Magari mazima nimeyaona yakikatwa vipande kwa sababu tu mwenyewe alishindwa kulipia pa kuyaegesha, na najua chombo kinachosimama huharibika upesi kuliko kinachotembea: mipira inakauka, mafuta yanaganda, maji yanatafuta njia.

Uwanja wa Wellesbourne Mountford ulifunguliwa mwaka 1941 kwa ajili ya kuwafundisha marubani na wenzao wa ndege za mabomu. Leo ni uwanja mdogo wa videge vya injini moja, njia yake ya kurukia haifiki kilomita. Tukavipita videge hivyo, na nyuma yake likatokeza bawa la pembetatu, rangi ya kijani na kijivu, upana wa karibu mita 34 toka ncha hadi ncha. Mtoto akaacha kuongea. Si kawaida yake.

Hiyo ndiyo Avro Vulcan, namba XM655. Kampuni ya Avro ilizijenga 136 ukizihesabu na zile mbili za majaribio, na ya kwanza iliruka Agosti 1952. Mhandisi aliyeibuni, Roy Chadwick, hakuwahi kuiona angani. Alikufa mwaka 1947 katika ajali ya ndege nyingine ya majaribio. Kazi ya Vulcan ilikuwa moja: kulibeba bomu la nyuklia la Uingereza hadi Urusi ya Kisovieti, kama siku hiyo ingefika. Haikufika. Mwaka 1969 jukumu hilo likahamia kwa nyambizi za jeshi la maji, na Vulcan zikapewa kazi nyingine.

Mzee mmoja wa kujitolea, ovaroli imeloa mafuta magotini, alitupokea na kutupandisha kwa ngazi iliyo chini ya pua. Mle ndani ni padogo kupita kiasi kwa dude lenye ukubwa ule. Watu watano. Marubani wawili mbele, juu kidogo, wamekalia viti vinavyoweza kuwarusha nje ndege ikipata balaa. Watatu nyuma, wametazama mkiani, na viti vyao havirushi mtu. Wao walitakiwa wafungue mlango huohuo tuliopandia, wajitupe. Mwaka 1956 Vulcan moja ilianguka ikijaribu kutua uwanja wa Heathrow, London, katika hali mbaya ya hewa. Marubani wawili walirushwa wakapona, wengine wanne waliokuwemo wakafa. Nilikalia kiti kimojawapo cha nyuma nikageuka kuutazama ule mlango. Nadhani mchoraji wa chumba hiki hakuwahi kukikalia.

"Mjomba, sasa hawa wa nyuma walikubalije?" mpwa wangu aliuliza. Nilimwambia jeshini hakuna kukubali, unapangiwa. Yule mzee alipomuuliza ametaka kujua nini, mtoto akalirudia swali kwa Kiingereza, na mzee akacheka bila furaha.

Tuliposhuka tulisimama chini ya tumbo, pale mabomu yanapofungwa. Yalikuwa yakiingia 21, kila moja la ratili elfu moja. Usiku wa kuamkia Mei 1, 1982, Vulcan nyingine, XM607, ilitoka kisiwa cha Ascension ikaenda kupiga uwanja wa ndege wa Stanley huko Falklands, visiwa ambavyo Uingereza ilikuwa ikivipigania na Argentina, safari ya zaidi ya kilomita 12,000 kwenda na kurudi, ikinyweshwa mafuta angani na kundi zima la ndege za Victor. Katika mabomu hayo 21, moja ndilo lililoitoboa njia ya kurukia. Hapo nilijiuliza kwa dhati: kitu kama hiki kinahifadhiwa kwa nini? Sisi tuliotoka nchi ambazo ndege za namna hii tulizijua kwa habari za vita tu, hatuna sababu ya kuzililia. Lakini nilipoutazama mguu mmoja, matairi manane kwa pamoja, na mabomba yaliyopindwa kwa mkono wa fundi hadi yakakaa sawa, jibu langu likawa la kifundi zaidi kuliko la kisiasa. Na pia, ikikatwa, mtoto kama huyu atamuulizia nani swali la viti vya nyuma?

Nyingi zilikatwa. Zilipostaafishwa, wanunuzi wa vyuma chakavu walizichukua kwa bei ya chee, na baadhi ziliwashwa moto makusudi ili wazimamoto wa jeshi wajifunzie. XM655, iliyoingia jeshini mwaka 1964, ni miongoni mwa za mwisho kabisa kujengwa. Mfanyabiashara mmoja aliinunua akitaka kuirusha kwenye maonyesho, ikaletwa hapa ikiruka yenyewe Februari 1984. Mipango ikafa, fedha zikaisha, na ndege ikabaki kwenye nyasi, mvua ya Warwickshire juu yake. Ada za kuegesha zilirundikana mpaka wenye uwanja wakaichukua ndege kufidia deni. Wangeweza kuiita mashine ya kukatia. Hawakuiita. Katika miaka ya 1990 wapenzi wa ndege wakaunda chama cha kuitunza, na tangu hapo watu wanakuja na spana zao, wanapanguza, wanabadilisha mipira, wanapiga rangi.

Haijaruka tena, na hakuna anayekusudia kuirusha. Lakini injini zake nne aina ya Olympus, ndugu wa zile zilizoisukuma Concorde, ndege ya abiria iliyoishinda kasi ya sauti, zimewashwa mara nyingi, na ndege ikakimbizwa kwenye njia mbele ya watazamaji hadi gurudumu la pua likanyanyuka. Septemba 2022 mbio hizo nusura ziiue. Kipima kasi kiligoma, injini zikaachwa kwenye nguvu kamili sekunde mbili hivi kupita mpango, na kwenye njia fupi sekunde mbili ni nyingi. Ndege ikapitiliza ikaishia kwenye nyasi nje ya njia. Hakuna aliyeumia. Wakaivuta, wakaanza upya.

Kwenye mgahawa wa uwanjani, chai mkononi, mpwa wangu aliileta habari ya Vulcan nyingine, XH558. Hiyo ndiyo iliyopata bahati, alisema. Ilifufuliwa kwa michango ya wananchi na fedha za bahati nasibu ya taifa, ikaruka tena Oktoba 2007, watu wakaijaza mitaa kuitazama, hadi Oktoba 2015 kampuni zilizokuwa zikiidhinisha usalama wake zilipojitoa. Nikamwambia amalizie. Akamalizia shingo upande: ikaegeshwa uwanja wa Doncaster, na mwaka 2022 uwanja wenyewe ukasimamisha safari zake.

"Unaona?" nikamwambia. "Kununua na kurusha si kuokoa. Kuokoa ni kupata pa kuiweka, na watu wa kurudi kila wiki hata pasipo na wa kupiga makofi. Hii ya hapa imezidi."

"Hapana, Mjomba. Ile iliruka miaka minane. Hii inapanguzwa tu."

Nikamkumbusha kwamba hajalipa bili yoyote maishani mwake. Akasema ndege nayo haikujengwa ili ilipe bili. Basi lilipokuja tukapanda, na tulibishana hivyo hadi Warwick, mama mmoja wa kiti cha mbele akigeuka kila mara kuona hawa wanagombea nini.