Nilivyoiachia kerneli kazi ya kulinda folda

Katika ofisi ninayoihudumia, hati zote zinazoskaniwa huingia kwenye folda moja ya seva ya Linux, ambamo programu yangu huzichukua na kuzipanga kwa idara. Hapo awali programu ilikuwa ikiamka kila dakika kuipekua folda nzima, na mara nyingi ilikuta hakuna kipya. Nikahamia inotify, huduma iliyoingia kwenye kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux toleo la 2.6.13 mwaka 2005: programu huomba saraka (yaani folda) fulani iwekewe ulinzi, maana yake ifuatiliwe mabadiliko yake, kisha hulala hadi kerneli yenyewe iiamshe kwa taarifa ya tukio.

Suala zito lilikuwa ni tukio lipi la kusikiliza. Nilipoendesha amri ya inotifywait -m, inayoonyesha matukio yanapotokea, huku skana ikifanya kazi, hati moja ilitoa CREATE (faili imeundwa), ikafuata OPEN (imefunguliwa), halafu msururu mrefu wa MODIFY (inaandikwa), na mwishoni kabisa CLOSE_WRITE (imefungwa baada ya kuandikwa). Anayeikimbilia faili kwenye CREATE huondoka na hati isiyokamilika, pengine tupu. Nilichagua CLOSE_WRITE, nikaongeza MOVED_TO (faili imehamishiwa humo au imepewa jina jipya), kwa kuwa zipo programu zinazoandika kwanza kwa jina la muda na kulibadilisha zikishamaliza.

Inotify haishuki yenyewe kwenye saraka za ndani, hivyo kila saraka mpya lazima iombewe ulinzi wake, na kabla ombi halijapita faili zinaweza kuingia kimyakimya. Kwa hiyo programu huweka ulinzi kwanza, ndipo huisoma saraka hiyo; ukianza kusoma, mwanya unabaki palepale. Faili ikionekana mara mbili kwa njia hii hainisumbui, maana rejista ya programu huitambua.

Foleni ya matukio nayo ina kikomo, ambacho kwa kawaida ni 16384, na ikijaa kerneli huyatupa yanayofuata na kutoa onyo la IN_Q_OVERFLOW bila kutaja kilichopotea. Ndiyo maana upekuzi wa zamani sikuufuta: hufanyika programu inapoanza, onyo hilo linapotokea, na kila usiku. Programu yenyewe niliiweka kwenye seva ileile yenye diski, kwa sababu kwenye folda iliyounganishwa kwa NFS (njia ya kutumia folda ya kompyuta nyingine kupitia mtandao), inotify haitoi taarifa ya mabadiliko yanayofanywa na kompyuta nyingine.