Jino Liling'oka, Nami Nikalisugua kwa Sabuni

Miaka michache iliyopita mpwa wangu, aliyekuwa na umri wa miaka 11, aligongana uso kwa uso na mwenzake walipokuwa wakikimbizana, na jino lake la mbele la juu likang'oka zima pamoja na mzizi wake. Mtu mzima aliyekuwa karibu ni mimi. Nililiokota, nikalisugua kwa sabuni mpaka likang'aa, nikalikausha na kulifunga katika karatasi laini, kisha nikampeleka mtoto kwa daktari wa meno nikiwa na hakika kwamba nimefanya kazi safi. Daktari aliuliza mambo mawili tu: jino limekaa nje kwa muda gani, na lilihifadhiwa katika nini. Majibu yangu yote mawili yalikuwa mabaya.

Sikujua kwamba mzizi wa jino umevikwa utando mwembamba wenye seli hai, na kwamba utando huo ndio unaolishikiza jino kwenye mfupa wa taya. Jino linapong'oka utando hukatika, sehemu yake ikabaki ndani ya tundu na sehemu nyingine juu ya mzizi, na iwapo jino litarudishwa seli zikiwa bado hai, sehemu hizo huweza kuungana tena. Adui wake mkubwa ni ukavu: baada ya dakika 30 hivi pakavu seli nyingi huwa zimekufa, na zikifika dakika 60 hakuna anayetegemea kupata iliyo hai. Mimi nilizikwangua kwanza, kisha nikazikausha zilizosalia.

Kwa hiyo jino hushikwa kwa upande wa juu, ule mweupe unaoonekana mtu anapocheka, na mzizi hauguswi kabisa. Likiwa na uchafu, lisuuzwe kwa sekunde chache kwa maziwa au kwa maji baridi yanayotiririka, bila kusuguliwa, kisha lirudishwe papo hapo katika tundu lake, uso wake wa mbele ukitazama mbele, na aliyeumia aume kitambaa safi ili lisitoke tena njiani. Najua wengi watashtuka kusikia hivyo. Hata mimi nilidhani hiyo ni kazi ya daktari peke yake. Lakini jino lililorudishwa likiwa limepinda kidogo, daktari anaweza kulinyoosha, ilhali seli zilizokufa hawezi kuzifufua.

Ikishindikana kulirudisha, kwa kuwa mtoto analia sana au amezimia, litumbukizwe katika kikombe cha maziwa baridi. Maziwa yasipopatikana, aliyeumia ateme mate katika chombo kidogo, jino lilowe humo. Maji ya kawaida ni chaguo la mwisho, kwa sababu seli huyanyonya hadi zikapasuka, ingawa hata hayo ni afadhali kuliko karatasi yangu.

Jino la utotoni halirudishwi kamwe, kwani kulisukuma ndani kunaweza kuliharibu jino la kudumu linalokua chini yake. Meno ya mbele ya kudumu huota kati ya miaka 6 na 8 hivi, kwa hiyo umri wa mtoto husaidia kutambua. Tena, aliyepoteza fahamu au anayetapika baada ya kugongwa apelekwe hospitali kwanza, jino lifuate. Na jino lisipoonekana popote, daktari aambiwe, maana huenda limevutwa na pumzi hadi mapafuni.

Daktari alilirudisha jino la mpwa wangu licha ya makosa yangu, akalifunga kwa waya laini kwenye meno ya jirani, akauliza kuhusu chanjo ya pepopunda, na kabla ya wiki mbili kwisha akaanza kutibu mfereji wa mzizi. Alituonya mapema kwamba, kwa kuwa utando umekufa, mfupa utashikana moja kwa moja na mzizi na kuula polepole. Ndivyo ilivyokuwa. Taya la kijana limeendelea kukua na meno mengine yameteremka pamoja nalo, lakini hilo moja limebaki pale pale lilipogandia, na sasa linaonekana fupi kuliko jirani yake. Kila tunapokwenda kliniki, daktari hupima tofauti hiyo kwa milimita.