Siku moja maishani mwangu: fundi wa ishara za reli, Dodoma

Nikisema nafanya kazi reli, watu huuliza, "Unaendesha treni?" Nikijibu kwamba mimi ni fundi wa ishara wanatulia kidogo, kisha wanasema, "Aa, zile taa." Ndizo hizo. Alhamisi iliyopita tulishusha ishara ya zamani, tunayoiita mkono, na kuwasha taa mpya kwenye stesheni moja ndogo mashariki ya Dodoma, njia ya kwenda Gulwe. Naiandika siku hiyo kama ilivyokwenda, maana nimechoka kuambiwa kazi yetu ni kubadilisha balbu.

Saa 10:30 alfajiri. Kizota, mtaani kwangu Dodoma, bado giza. Chai ya haraka, namfunika mwanangu shuka, namwamsha mdogo wangu afunge mlango. Saa 11:00 gari linapiga honi. Baridi ya mwezi wa saba ikiungana na upepo wa Dodoma, nyuma ya pikapu hakuna pa kujificha.

Saa 1:15 asubuhi. Tumefika. "Mbukwenyi!" nawasalimu kwa Kigogo. Genge la wafanyakazi wa reli linaitikia. Mama ntilie ameshaipua uji wa uwele, tunakunywa tumesimama huku tukihesabu vifaa.

Kwa asiyeujua mkono: ni mlingoti wa chuma wenye ubao mwekundu juu. Ubao ukilala, dereva anasimama. Ukiinama, anapita. Unavutwa kwa waya mrefu unaotoka kwenye leva pale stesheni. Waya ukikatika, kuna uzito wa chuma unaourudisha ubao ulale, yaani simama. Aliyeutengeneza alihakikisha ukiharibika, unaharibikia upande wa usalama. Nimesoma umeme miaka mitatu chuoni na bado nauheshimu uzito ule.

Usiku nyuma ya ubao huwekwa taa ya mafuta, na lazima mtu apande ngazi kuiwasha. Hapa mtu huyo ni mzee mmoja wa pointi, yaani mgeuza njia za treni, ambaye amepanda ngazi hiyo tangu mimi sijaanza darasa la kwanza, mvua au vumbi.

Saa 2:00. Muda wa kufunga njia ulikuwa uanze sasa. Kontrola, anayeongoza treni zote za njia hii, anasema kwenye redio ya upepo tusubiri, kuna treni ya mizigo imekwama huko mbele. Tunasubiri. Saa 3:00 tunasubiri. Ng'ombe wanapita, punda wenye madumu ya maji wanapita. Saa 4:20 ndipo tunapewa njia, na mwisho wetu haukusogezwa: saa 8:20 mchana lazima njia iwe wazi, maana treni ya abiria inayotoka Dar es Salaam iko njiani.

Kwa hiyo kazi ya saa sita ikawa ya saa nne.

Mzee alipanda mwenyewe kufungua fremu ya vioo. Sikumkatalia. Alipoishusha aliniita, "Mwanangu, njoo uone," akakipangusa kioo cha pili kwa kanga aliyojifunga kichwani kujikinga na vumbi. Nilitegemea kioo cha kijani. Ni cha buluu. Moto wa mafuta ya taa ni wa manjano, ukipita kwenye kioo cha buluu dereva anaona kijani. Pembeni ya kioo palikuwa na alama ya kidole gumba kwenye masizi, na sikuwa na haja ya kuuliza ni cha nani.

Ule ubao tuliuteremsha kwa kamba. Ni mzito kuliko unavyoonekana ukiwa juu. Taa mpya ilikuwa imeshasimamishwa pembeni tangu wiki iliyopita, imefunikwa gunia ili dereva asiichanganye na ya zamani. Nikaunganisha nyaya ndani ya kabati, moja baada ya nyingine, mwenzangu akisoma namba kwa sauti nami nikizirudia.

Watu wanadhani reli hii imekwisha tangu SGR, ile reli mpya ya kisasa, ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Kule ruhusa ya kwenda inamfikia dereva kwenye skrini yake kwa redio, na nafurahi kwamba nchi yetu imefika huko. Lakini hii ya zamani, yenye upana wa mita moja, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, bado inabeba mizigo na watu wa Manyoni, Tabora, Kigoma. Na wao wanastahili ishara inayosema kweli.

Taa yenyewe ndiyo kazi ndogo. Kubwa ni kuiwezesha ijue kama njia ina kitu. Kwingine duniani hupitisha umeme mdogo kwenye reli zote mbili. Treni ikiingia, magurudumu yanaziunganisha na taa inakuwa nyekundu. Hapa kwetu mataruma, zile nguzo zinazolala chini ya reli, mengi ni ya chuma, kwa sababu mbao huliwa na mchwa, na chuma hicho kinaziunganisha reli hizo muda wote hata kama hakuna treni. Ndiyo maana tunafunga vihisi vya kuhesabu ekseli, yaani vyuma vinavyounganisha magurudumu mawili mawili, kimoja kila mwisho wa kipande cha njia. Zikiingia 50, zitoke 50. Ikibaki hata moja, taa haitoi kijani.

Saa 8:05 mchana. Majaribio yamekubali. Nyekundu, njano, kijani, nyekundu. Nikazima umeme makusudi: taa ikafa kabisa, na kwa kanuni dereva akikuta taa imekufa anaihesabu nyekundu. Nikawasha. Stesheni masta akatia sahihi, nikamrudishia kontrola njia saa 8:17. Dakika tatu kabla. Nilikaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mama ntilie akaniletea ugali na mlenda.

Sikumaliza tonge la tatu.

Vijana wa kubeba vifaa walikuwa wamerudi na toroli la kusukuma juu ya reli. Walipita juu ya kihisi cha mashariki, kisha walipofika kwenye mtaro wetu wa nyaya wakaliinua na kuliweka pembeni. Ekseli mbili zimeingia, hakuna iliyotoka. Kwenye paneli kipande kikawa chekundu, na mashine ilikuwa sahihi kabisa: kwa inavyojua, kuna kitu ndani. Hakuna aliyeniambia mpaka treni ya abiria ilipopiga honi kwenye taa yangu mpya na kusimama.

Sasa, kuna kitufe cha kufuta hesabu. Kimefungwa kwa ufunguo. Kukibonyeza ni sekunde moja. Kanuni inasema kabla ya kukigusa, watu wakitembee kipande chote, kihisi hadi kihisi, waone kwa macho kwamba ni kitupu. Kipande hiki ni mita 780 na kina kona.

Nilikuwa nafunga kamba za buti abiria wawili watatu waliposhuka na kuja kwa miguu. Aliyetangulia alikuwa baba wa makamo, amevaa koti, simu ameishika juu anarekodi.

"Dada, wewe ndiye unatuweka hapa?"

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimesikia huko ndani kuna kitufe tu cha kubonyeza."

"Kipo, baba. Kwanza nikague njia."

"Ukague nini? Njia si hii hapa, nyeupe! Unaona treni?"

"Naona hadi kwenye kona. Baada ya kona sioni, na wewe huoni."

Akapandisha sauti. Kwamba zamani mzee anapunga bendera treni inapita. Kwamba hela za kisasa zimekuja kutuchelewesha. Kwamba atanipeleka mtandaoni nchi nzima inione. Halafu sauti ikashuka, akasema, "Nina msiba Manyoni. Tunazika kesho asubuhi."

Hapo nilishindwa la kusema kwa muda. Nikampa pole, pole ya kweli. Nikamwambia, "Baba, naondoka sasa hivi, na nitatembea kwa kadiri miguu yangu inavyoweza. Lakini sibonyezi." Akanigeukia mgongo.

Ningemweleza zaidi kama ningekuwa na pumzi. Nilikuwa darasa la tano tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma kwenye mlima kati ya Msagali na Igandu, breki zimekataa, ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Haikuwa kosa la taa, nalisema wazi, wala taa isingeizuia treni isiyo na breki. Lakini mtoto wa Dodoma wa wakati ule anajua treni mbili kukutana kwenye reli moja ni nini, na stesheni hii iko kwenye njia hiyo hiyo. Siwezi kutangaza njia ni tupu kwa kukisia.

Tukatembea, mimi na stesheni masta, yeye reli ya kushoto, mimi ya kulia. Jua la saa 9 linarudi usoni kutoka kwenye kokoto. Mataruma hayakupangwa kwa hatua ya binadamu: ukikanyaga kila taruma hatua ni fupi mno, ukiruka moja ni ndefu mno. Tukalipita toroli, liko mbali na reli. Tukaivuka kona. Kijana mmoja akapitisha mbuzi wake mbele yetu akatusalimia. Kihisi cha magharibi hiki hapa, njia ni tupu. Tukageuka kurudi.

Najua kuna atakayesema basi tulitembea bure, hatukukuta kitu. Hapana. Kabla ya kutembea tulikuwa tunadhani, baada ya kutembea tukawa tunajua.

Nikageuza ufunguo, nikabonyeza. Hata hapo mfumo hautoi kijani: unataka treni moja ipite kwanza polepole ili uhakikishe hesabu. Stesheni masta akamwandikia dereva ruhusa kwenye karatasi, treni ikaingia kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kichwa kina ekseli 6, mabehewa 14 yana 4 kila moja. Nilikuwa nimesimama mbele ya paneli nikihesabu kimoyomoyo pamoja nayo. Zimeingia 62. Zimetoka 62. Kipande kikawa wazi. Ilikuwa imechelewa dakika 47. Yule baba alipita dirishani, hakunitazama, na sikumtegemea anitazame.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Tulifukia mtaro, upepo ukaturudishia nusu ya udongo machoni. Niliongea na vijana wa toroli, sikuwafokea, niliwapeleka mmoja mmoja kwenye kihisi na kuwaonyesha namba ikipanda. Jua likazama. Treni ya mizigo ikaja kutoka magharibi, ikapewa kijani tangu mbali, dereva akapiga honi ndefu. Mzee wa pointi alikuwa amekaa na dumu la mafuta ya taa lililobaki. Aliliangalia lile dumu, akasema, "Haya yatampikia mama hapa wiki mbili," akamkabidhi mama ntilie.

Kitu cha mwisho kabla ya kupanda pikapu ni daftari. Kila kitufe kile kinapobonyezwa, kaunta ndogo pembeni inaongezeka moja, na hakuna ufunguo wa kuirudisha nyuma. Asubuhi ilisomeka 0000. Niliandika 0001, saa, sababu, mita tulizotembea, na chini yake sahihi mbili, ya stesheni masta na yangu.