Nilivyopima maji ya machimbo ya changarawe kwa karai, chaki na kamba ya kisima

Nilipewa kazi ya kuandika sehemu ya maji katika ripoti ya machimbo ya changarawe yaliyo chini ya milima ya Uluguru, upande wa Mto Ngerengere. Mwenye machimbo alihitaji kibali cha matumizi ya maji, ambacho kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde. Mkuu wangu wa kazi alinishauri nisijisumbue: nisome kibati cha pampu, nizidishe kwa saa za kazi, kisha niandike kwamba athari kwa maji ya ardhini ni ndogo.

Nilimtii nusu. Kibati kilisema mita za ujazo 60 kwa saa. Kwa saa 8 nikapata 480 kwa siku, na nikajiona mtaalamu hadi mwendesha pampu aliponiuliza kwa upole maji yote hayo yanakwenda wapi, ilhali bwawa la kuoshea halikauki. Maji yalikuwa yakizunguka tu: yanaosha changarawe kwenye chekeche, yanaacha tope, yanarudi bwawani, nami nilikuwa nikiyahesabu upya kila yanapopita.

Basi nikaomba pampu ya kuongezea maji izimwe kwa siku mbili, nikachomeka nondo yenye alama bwawani. Jumapili, pasipo kazi, maji yalishuka milimita 9. Jumatatu yakashuka 40. Bwawa lina mita za mraba 1,000, hivyo siku ya kazi hula mita za ujazo 40, na 31 kati ya hizo huondoka na changarawe iliyolowa malorini au hunaswa na tope. Ukijumlisha safari mbili za boza la lita 10,000 linalomwagia barabara kuzuia vumbi, unapata 60.

Lilibaki shimo lenyewe, lililochimbwa chini ya usawa wa maji ya ardhini hadi likawa ziwa la hekta moja na nusu. Mwenye machimbo alisisitiza kuwa hilo halitumii maji, limekaa tu. Nikaweka karai la maji ukingoni ili nipime mvukizo, na siku ya tatu karai likapungua milimita 31. Usiku ule niliandika ukurasa mzima kuhusu nguvu ya upepo wa kiangazi unaoshuka milimani, ukurasa ambao hadi leo nauona kuwa mzuri. Asubuhi nikawakuta mbuzi wawili wa mlinzi wamelizunguka karai, wakinywa takwimu zangu bila haraka. Nilifunika karai kwa wavu wa kuku, nikaanza upya, nikapata wastani wa milimita 7. Karai hupata joto kuliko ziwa, kwa hiyo huzidishwa kwa 0.7 hivi, nikabaki na milimita 5 kwa siku. Kwa hekta moja na nusu hizo ni mita za ujazo 75, kuzidi uoshaji na boza kwa pamoja, na zinavukizwa hata Jumapili. Nilipunguza kiasi ambacho vichaka vilivyokuwapo kabla ya shimo vingenyonya, lakini hoja haikubadilika.

Ugomvi wa majirani ndio ulionisumbua zaidi. Walio upande wa mlimani walilalamika kwamba visima vinakauka, walio chini wakalalamika kwamba vyoo vinajaa maji, na ofisini iliaminika kwamba upande mmoja unadanganya. Nilipaka chaki ya darasani kwenye futi ya chuma, nikaishusha visimani, kisha kwenye urefu wote niliouteremsha nikatoa urefu uliolowa; hakikisha tu hakuna aliyechota kwa saa moja hivi. Midomo ya visima niliilinganisha kwa mpira wa levo wa mafundi ujenzi, na vifaa vyote havikufika elfu thelathini. Maji ya ardhini yalikuwa yakiteremka takriban mita 1 kwa kila mita 100, lakini uso wa ziwa hulala bapa. Shimo lina urefu wa mita 120 kufuata mteremko huo, kwa hiyo maji hushuka kama sentimita 60 kwenye ukingo wa juu na kupanda kiasi hicho hicho kwenye ukingo wa chini. Wote walikuwa wakisema kweli.

Vipimo vya kabla ya machimbo havikuwapo. Nilimwamkia bibi mwenye kisima kilicho jirani kabisa na ukingo wa juu, nikamuuliza maji yameshuka kiasi gani.

“Marahaba, mjukuu wangu. Mimi sipimi, naunga kamba.”

Kamba yake ilikuwa ya katani iliyochakaa, na mwishoni imefungwa kipande kipya cha nailoni ya bluu. Nilikipima kutoka kwenye fundo: sentimita 70.

Mkuu wangu aliusoma ukurasa wa kamba mara mbili, kisha akauliza kwa nini sikupiga picha. Nilikuwa nimepiga.